Jina Langu Juu ya Bangili za Rukia

Bi Mwanaidi alifariki mwezi uliopita, na mimi, kama kawaida yangu, matangani kwake nilishindwa kukaa mahali pamoja. Nilianza chumbani kwa wafiwa, nikahamia uani kwenye masufuria, nikarudi ukumbini, nikatoka tena. Nilihesabu majamvi yaliyoazimwa, nikayahesabu upya, kana kwamba kuna mtu angenidai. Kule uani wasichana wawili waliokuwa wakichambua mchele walikuwa wameegemeza simu kwenye ungo wanaangalia picha za harusi ya mtu. Ilikuwepo picha ya mikono ya bi harusi imejaa hina mpaka kwenye viwiko, na jina la mpiga picha limepita katikati kwa herufi za kufifia, ndizo vijana wanazoziita wotamaki. Mmoja akauliza, "Hina hii nani kaichora?" Mwenzake akamjibu, "Si limeandikwa jina hapo?" "Hilo la mpiga picha, wewe." "Basi mchoraji hajulikani." Wakaendelea kuchambua mchele. Mimi nikanyanyuka nikaenda kusimama kwenye pipa la maji nikijifanya nataka kunawa, maana katika ua ule ule, zaidi ya miaka kumi na mitano nyuma, nilisimama mbele ya Bi Mwanaidi nimebeba swali hilo hilo na kazi yangu ikining'inia juu yake.

Ulikuwa mwaka niliofanya kazi kwa Mzee Gulam. Studio yake ilikuwa Ngamiani, hapa Tanga, chumba cha mbele cha nyumba ya zamani, na kiyoyozi chake kilitoa sauti kuliko baridi. Mbele palikuwa na kiti cha picha za pasipoti na pazia la buluu; nyuma ya pazia ndiko ilikokuwa kompyuta, mashine ya kuchapia, na meza tuliyoigawana kwa chakula. Mzee alikuwa ametoka kuachana na filamu mwaka huo huo. Alikaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyeletewa mkwe asiyemjua: kwa heshima, na bila kumwamini. Saa saba mkewe alimteremshia kutoka ghorofani khichri, ule wali wa choroko, chapati na achari ya embe. Mimi nilifungua bakuli langu la bada, ugali wetu wa muhogo, na mchuzi wa papa. Kila siku alilalamika kwamba papa ananuka, watu wa pasipoti watakimbia, na kila siku, chapati ikishafika nusu, alisogeza sahani yake akasema, "Tia mchuzi kidogo hapo, Zuhura. Kidogo tu." Kidogo chake nilikijua, kwa hiyo nyumbani nilikuwa napakua mara mbili.

Aliniajiri kwa sababu moja, wala hakunificha. Siku ya hina, siku ya kumpamba bi harusi, shughuli zote za wanawake, mwanamume haingii. Enzi za filamu hilo halikumsumbua mtu, watu waliridhika na picha za nje, za bwana harusi na wajomba. Lakini simu zenye kamera zilipoingia, na bluetooth ikawa inarusha picha kutoka nyumba hii hadi ile kabla biriani halijapoa, wanawake wa Tanga wakaweka utaratibu wao. Mlangoni anakaa shangazi mmoja mwenye sura ya kazi, mapajani ana ungo umefunikwa kanga. Kila anayeingia anaweka simu yake kwenye ungo. Ndani inaingia kamera moja tu, na mwenye kamera awe mwanamke, na awe mtu anayejulikana kwao. Mwaka ule kwa upande wetu wa mji mtu huyo nilikuwa mimi. Vichwa wazi, mabega wazi, bibi zangu wanacheza mpaka chini, vyote vilipita kwenye kioo changu, na walinivumilia kwa kuwa waliamini picha hazitoki. Uaminifu huo ndio uliokuwa ajira yangu. Sikuwa na kingine; kupiga picha hata binti yake Mzee alikuwa anajua.

Ila mimi sikuwa mtu wa kutulia na nilichonacho. Nikirudi Makorora jioni nilishika njia ndefu, nikazunguka Nguvumali bila sababu, kichwani nina jambo moja: picha zote zile, jicho langu, magoti yangu yaliyopiga kwenye saruji kutafuta pembe nzuri, mwisho wa siku zinatoka zimeandikwa Studio Gulam. Nikamkabili Mzee wakati wa chapati, wakati ambao mtu hawezi kuondoka.

"Mzee, nataka jina langu kwenye picha."

"Jina lako lipo kwenye daftari la mishahara."

"Nataka kwenye picha."

"Kamera ya nani?"

"Yako. Na jicho la nani?"

Akatafuna polepole. Akasema ndani ya kamera jina lake ameshaliweka, sehemu ya mwenye mali, linaingia ndani ya kila picha hata kama kwa macho halionekani, kwa hiyo hakimiliki imeshakaa, tusiisumbue. Nikamwambia vizuri, hilo la ndani abaki nalo, tugawane la nje. Akasema la nje ndilo tangazo. Nikasema liwepo lake, na langu chini yake, dogo. Akauliza dogo kiasi gani. Hapo nikajua biashara imekwisha, kilichobaki ni kipimo. Alianza na herufi ambazo sisimizi angevaa miwani kuzisoma. Nikasogeza kidogo, akapunguza, nikasogeza, mpaka mkewe akashuka kuchukua vyombo akatuuliza kama tunauziana shamba. Tukamalizia kwa "Studio Gulam" kubwa na chini yake "picha: Zuhura", ndogo, lakini bila miwani unaisoma. Niliangalia picha ya kwanza iliyotoka hivyo mpaka wino ukakauka mkononi.

Wateja walikuwa na maoni yao. Mama mmoja alirudisha picha akisema harusi ya mwanawe si ukuta wa kubandika matangazo. Mwingine alitaka kujua Zuhura ni nani hata akae juu ya kifua cha binti yake. Nilijifunza kulaza jina pale ambapo halimuudhi mtu lakini pia halikatiki kwa mkasi: kwenye kitenge, kwenye mkeka, kwenye mkunjo wa pazia. Kisha nikaongeza ujanja wangu. Picha za ndani tulikuwa tunatoa nakala za simu kwa watu wachache, mama wa bi harusi, mama mkwe, na fundi wa hina kwa kuwa naye hutaka kuonyesha kazi. Kila mmoja nilimwekea jina mahali pake. Mama mzazi kwenye mkeka, mama mkwe kwenye pazia, fundi wa hina kwenye bangili. Ikitokea picha inatembea, nitaangalia tu jina limelala wapi nijue imetoka mlango gani. Sikumwambia mtu. Niliona raha kuwa na kufuli ambalo wenye nyumba hawalijui.

Harusi ya Rukia ilikuwa kabla ya mvua. Tulisoma naye madrasa, alikuwa msichana wa kujikunja pembeni, mwenye kucheka kwa kuziba mdomo, na siku ile ya hina Bi Mwanaidi alimchora kana kwamba hatachora tena. Bi Mwanaidi alikuwa mwembamba, mkali, akifanya kazi ameuma ncha ya kanga. Hina yake aliichekecha kwa kitambaa cha chachi, akaikanda kwa ndimu na chai ya rangi, akailaza, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Alianza saa nne asubuhi; adhana ya alasiri ilipoingia bado yuko kwenye kiganja cha pili. Maua yake hayakufuata vitabu. Yalianza kwenye kucha yakapanda kama mtu anayepanda ngazi bila kutazama chini. Bi Salama, mama mkwe, alikuja na bangili za zawadi akamvisha mwenyewe, na Rukia akaweka mikono yote miwili mapajani juu ya kanga. Nikapiga. Unapopiga picha nzuri huwa unajua kabla ya kuiangalia. Mimi niliiangalia mara mbili hata hivyo.

Siku moja, mvua zikiwa zimeshakatika, nilisimama kwenye duka moja Nguvumali kununua sabuni. Juu ya kichwa cha muuzaji pameshuka mkufu wa pakiti za hina ya unga, mpya, zinang'aa. Kila pakiti ina mikono miwili juu ya kanga. Niliomba moja. Halafu nikaomba nyingine, maana ya kwanza sikuiamini. Jina la studio halipo, jina langu halipo. Lipo jina la mfanyabiashara wa hina, kubwa kama la chama. Niliondoka nikasahau sabuni. Nilikwenda duka la pili, zipo. La tatu, zipo, karibu na viberiti.

Kufika studio nikamkuta Bi Salama amekalia kiti cha pasipoti, buibui limemjaa hasira, pakiti mkononi. Mzee Gulam amesimama kama mtu anayepigwa picha bila kujiandaa.

"Wewe binti," Bi Salama akaniambia, na shikamoo yangu hakuiitikia, "bangili hizi nimenunua mimi kwa mkono wangu. Nitakosaje kuzijua? Mikono ya mke wa mwanangu inaning'inia madukani na viberiti. Wavuvi wanaishika, wapiga debe wanaishika."

"Bi Salama, sikuitoa mimi."

"Kamera iliyoingia ndani ilikuwa ya nani? Simu zote zilikuwa kwenye ungo. Ijumaa baada ya asri tuna kikao cha wanawake pale kwangu. Uje useme. Usipokuja, tutasema sisi."

Bi Salama alipoondoka, Mzee aliketi kwenye kiti kile kile. Hakunifokea. Alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma bei, "Zuhura, wapiga picha za nje ninao. Nilikuchukua kwa za ndani. Wakikufungia mlango wale, utanifanyia kazi gani?" Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliniuma. Siku hiyo chapati ilipoa, hakuna aliyeomba mchuzi.

Niliipeleka pakiti dirishani nikaichungulia kwa kioo cha kukuzia. Picha ilikuwa imefutwa jina, na aliyefuta alikuwa fundi wa haraka. Kwenye mkeka pako safi. Kwenye pazia pako safi. Lakini bangili ya tatu ya mkono wa kushoto ilikuwa imekatika hewani, ikaanza tena mbele kidogo, na ua moja la hina la juu ya kifundo lilikuwa limenakiliwa likapandikizwa pembeni, pacha na mwenziwe, kuziba pengo. Bi Mwanaidi hakuwahi kurudia ua maishani mwake. Kufuli langu lilikuwa limefanya kazi, na mimi nikatamani lisingefanya.

Bi Mwanaidi nilimkuta uani kwake Makorora anachekecha hina. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda kwa mguu bila kuacha kazi. Sikukaa. Nilimwekea pakiti juu ya mfuko wa hina, nikamwambia, "Bi Mwanaidi, hina hii nani kaichora?"

"Unauliza unalolijua."

"Basi niulize nisilolijua. Nani kampa mwenye pakiti?"

Akapiga chekeche kwa mkono. "Mimi."

"Na jina langu?"

"Kijana wake dukani kalitoa. Kasema linaharibu." Hapo akaniangalia. "Wewe unalia jina, mwanangu. Nikuulize. Mimi nachora toka hujazaliwa. Kazi yangu inakaa wiki mbili, wiki ya tatu mtu anafua nguo, imekwisha. Hakuna ninachoweza kukiweka ukutani. Sasa umekuja wewe, umeipiga picha, haifutiki tena, nikafurahi. Nikaangalia. Imeandikwa Gulam. Gulam kashika lini hina? Chini yake imeandikwa Zuhura. Juu ya bangili, mkono niliouchora mimi. Mimi sipo."

Nilikuwa na majibu. Mimi sikosi majibu. Nikamwambia angeniambia. Akasema angeniambia wakati gani, nilikuwa nashughulika kupima herufi na Mzee Gulam, mji mzima wanajua. Nikamwambia sawa, lakini mbona jina lake nalo kwenye pakiti halipo?

"Aliniahidi ataliweka," akasema. "Kanipa katoni mbili za hina badala yake. Na hina yenyewe ina mchanga."

Nilitaka kucheka, nikatembea hadi ukutani nikarudi. Nikamwambia Ijumaa nitalazimika kusema. Akaniambia, "Sema. Lakini kwanza nenda kwa Rukia. Unadhani mimi naweza kutoa mikono ya mtu bila kumuuliza mwenye mikono?"

Rukia nilimkuta kwa wakwe zake anachambua kisamvu. Bi Salama yuko chumba cha pili na redio. Kila redio ikinyamaza na sisi tunanyamaza. Hina ilikuwa imeshafutika, kucha tu ndizo zilizobaki na wekundu. Nilimwonyesha pakiti chini ya upande wa kanga. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na nikamwona anatabasamu, akaziba mdomo.

"Nilisema ndiyo," akanong'ona. "Bi Mwanaidi kaja kaniuliza, nikasema ndiyo. Uso haupo, jina halipo. Nani atajua? Nilisahau bangili."

"Lakini kwa nini, Rukia?"

"Mimi sijawahi kuwa na kitu ambacho mtu anakitazama mara mbili." Redio ikanyamaza. Akavunja majani matatu ya kisamvu. Ilipoanza tena akasema, "Mama akijua ni mimi niliyeruhusu, nyumba hii sikai. Anasema mwanawe kaoa msichana mtulivu. Usimwambie, Zuhura. Tafadhali."

Kutoka pale hadi Ijumaa sikupata usingizi wa maana wala chakula cha kukalia. Nilihesabu milango. Nikimtaja Bi Mwanaidi peke yake, atafungiwa nyumba zote, na yeye hana Mzee Gulam wa kumrudia. Nikimtaja Rukia, najiokoa mimi kwa kumvunjia nyumba mtu aliyetoa kitu cha kwake mwenyewe. Nikinyamaza, nafungiwa mimi. Nikahesabu tena nikitumaini nimekosea, ikatoka vilevile. Hata sasa, ninapoona vijana wanabishana mitandaoni picha ni ya nani, ya aliyepiga au ya aliyepigwa, nasikia miguu inaniwasha.

Ijumaa ukumbi wa Bi Salama ulijaa. Kahawa ilipita, visheti vikapita. Bi Mwanaidi amekaa karibu na mlango. Rukia anagawa vikombe. Bi Salama akasema, "Haya binti, tueleze."

Niliomba sahani ya visheti isogezwe, nikaweka pakiti katikati ya mkeka. "Mama zangu, angalieni bangili ya tatu. Imekatika. Pale palikuwa na jina langu, mtu kalifuta. Nyinyi mnanijua. Jina hili nililibishania na Mzee Gulam mpaka mkewe akadhani tunauziana shamba. Mimi ndiye nilifute?"

Mtu akacheka nyuma, kisha wengine. Mama yule wa matangazo ya ukutani akasema, "Huyo? Huyo angeliandika kwenye paji la uso la bi harusi." Niliona mabega ya watu yakishuka. Lakini Bi Salama hakuwa mtu wa kuchekeshwa. "Tumekubali hukuitoa wewe. Basi ilitoka kwa nani?"

Nilimtazama yeye tu, nisije nikamtazama mwingine. "Sina la kuongeza, Bi Salama."

"Unajua na hutaki kusema."

"Sina la kuongeza."

"Basi kamera hiyo haingii tena."

Kikombe kiligonga sahani mkononi mwa Rukia. Akafungua mdomo, na kabla sauti haijatoka, Bi Mwanaidi akasema kutoka mlangoni, kama mtu anayeagiza maji, "Niliitoa mimi. Hina ile ni kazi yangu, nikampa mtu. Rukia, mwanangu, niongeze kahawa." Rukia akaenda akammiminia. Bi Mwanaidi akaushika mkono wake kwa chini mpaka kikombe kikajaa.

Hapo Bi Salama akapata mtihani wake. Binti yake wa mwisho alikuwa ameshaposwa, harusi ni baada ya mfungo, na Tanga nzima kama si Bi Mwanaidi ni nani? Nilimwona akipiga hesabu, na kwa kuwa ni ugonjwa wangu nilimhurumia. Akaanza kupatana. Bi Mwanaidi aende kwa mwenye pakiti, zile zisitengenezwe tena. Bi Mwanaidi akasema ataenda, tena alitaka kwenda mwenyewe kumrudishia mchanga wake. Bi Salama akasema picha za binti yake, fundi wa hina hapewi nakala. Bi Mwanaidi akasema basi na yeye hachori kiganja cha pili. Ukumbi ukavunjika mbavu. Walimaliza kwa nakala moja, ya kuchapwa, si ya simu. Mimi nikadandia humo humo, nikasema na jina la mchoraji litaandikwa pamoja na langu. "Kubwa kiasi gani?" Bi Mwanaidi akauliza. Nikamwambia sawa na langu. Akasema tutaona. Mwenye pakiti alibadilisha, akaweka picha ya jasmini.

Mzee Gulam alisema majina matatu kwenye picha moja ni orodha ya abiria, lakini akaniachia. Siku ya hina ya binti wa Bi Salama niliacha simu yangu kwenye ungo kama wengine, nikaingia na kamera. Bi Mwanaidi alikuwa ameshafika kwenye viwiko. Rukia alikuwa chumba cha ndani, amejichorea mkono mmoja kwa hina iliyobaki, maua ya kitoto, yamepinda. Akanivuta kanga, akafunga mlango, akauweka mkono ule dirishani kwenye mwanga.

"Nipige," akasema. "Usiandike jina."

"Lako au langu?"

"La mtu yeyote."

Nilimpiga. Kesho yake niliichapa moja tu, moja kwa moja kutoka kwenye kamera, Mzee akiwa msikitini, nikampelekea ndani ya bahasha ya pasipoti. Aliiangalia, kisha akanyoosha mkono akaomba kamera. Nikamwonyesha kitufe cha kufuta. Akaifuta mwenyewe, akarudi nyuma kuhakikisha, akaenda mbele, akarudi tena, kisha akanirudishia kamera, akaingia ndani na bahasha.